Kabla ya Kulaumu Umri: Kutatua Matatizo ya Mtu Mzima Anayejifunza Gitaa Kavu

Mtu mzima akikwama kwenye gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, kitu cha kwanza anachokitaja ni umri. Cha pili ni kipaji. Kisha anageukia vidole: vifupi, vinene, vigumu. Ni nadra kumsikia akianza kwa kusema, "Labda nyuzi zimekaa juu mno." Ilhali malalamiko yanayojirudia kwa wanaojifunza ukubwani mengi yana chanzo kinachoonekana kwa macho, kinachosikika kwa sikio au kinachopimika kwa rula.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi, nikashuka hadi kile cha nadra. Unapokagua, fuata utaratibu mmoja: gitaa kwanza, kisha mkono na mkao, kisha namna unavyofanya mazoezi. Umri na kipaji vishukiwe mwisho kabisa.

## Ncha za vidole zinauma hadi unatamani kuacha

Kama ndizo wiki zako za mwanzo, chanzo kikubwa ni ngozi ambayo haijazoea waya. Maumivu yanayobaki kwenye ngozi na kupoa saa chache baada ya kuliweka gitaa ni ya kawaida. Ngozi hukomaa kwa kuguswa mara nyingi kwa muda mfupi. Kuitesa saa mbili mfululizo Jumamosi hakuisaidii. Piga dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Usipige mara tu baada ya kuoga au kuosha vyombo, kwa sababu ngozi iliyoloa hukatika upesi, na usiibandue ile inayoanza kukauka. Likitokea lengelenge, pumzisha kidole hicho mpaka lipone.

Chanzo cha pili ni kubana kuliko inavyohitajika, na hapa ndipo watu wazima wengi walipo, maana tumezoea kwamba kitu kikigoma, unaongeza nguvu. Jaribu hivi. Weka kidole juu ya uzi bila kuubana, mkono wa pili uendelee kuupiga uzi huohuo polepole. Ongeza nguvu kidogo kidogo. Utasikia sauti iliyokufa, kisha inayokwaruza, kisha safi. Simama palepale iliposafika. Wengi hushangaa jinsi nguvu hiyo ilivyo ndogo. Rudia jaribio hilo kidole kikiwa katikati ya freti mbili (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), halafu kikiwa nyuma tu ya freti, karibu kuigusa kwa upande wa kichwa cha gitaa. Mahali pa pili panahitaji nguvu pungufu, na tofauti hiyo utaihisi mara moja.

Kama umefanya yote hayo na bado unateseka baada ya miezi miwili, chukua rula. Pima nafasi iliyopo kati ya sehemu ya juu ya freti ya 12 na sehemu ya chini ya uzi mnene kabisa. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2.5 hivi kwa uzi mnene na milimita 2 hivi kwa uzi mwembamba ni vipimo ambavyo mkono wa anayeanza unavimudu. Ukikuta milimita 3.5 au 4, tatizo si wewe. Gitaa la nyuzi za nailoni huwa na nafasi kubwa zaidi, karibu milimita 4 upande wa nyuzi nene, na hilo ni la kawaida kwa sababu nyuzi zake ni laini.

Angalia pia unene wa nyuzi. Seti za chuma hutajwa kwa uzi wake mwembamba kabisa, kwa elfu za inchi: namba 13 ni nzito, namba 12 ndiyo inayofungwa kwenye magitaa mengi, namba 11 na namba 10 ni nyepesi. Kushuka kutoka 12 hadi 10 ni nafuu kubwa kwa mtu anayeanza. Na kama nyuzi zimepata kutu, utahisi zinaparuza kidole kinapoteleza, zibadilishe.

Onyo: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni ukidhani litapata sauti kubwa. Seti ya chuma ya namba 12 huvuta kwa zaidi ya kilo 70. Seti ya nailoni huvuta kwa kilo 40 hivi. Daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye uso wa gitaa, linaweza kung'oka au uso wa gitaa ukavimba. Kushusha nyuzi kwa kusugua kipande cheupe cha kwenye daraja, au kuchimba mifereji ya nati (kile kipande kinachobeba nyuzi kule mwanzoni mwa shingo), ni kazi ya fundi wa magitaa. Mfereji ukichimbwa kupita kiasi haurudi.

## Mkono unauma ndani, au vidole vinakufa ganzi

Acha kupiga. Dalili hii haifuati utaratibu wa nyingine, kwa sababu hapa kuendelea kujaribu ndiko kunakoharibu. Maumivu haya hayako kwenye ngozi. Yako kwenye kifundo cha mkono, chini ya gumba, kwenye mkono hadi kiwikoni, au kwenye bega na shingo.

Mara nyingi chanzo ni kifundo kilichokunjwa mno. Na kinachokikunja ni tabia moja inayoeleweka kabisa: anayejifunza anataka kuona vidole vyake, kwa hiyo analilaza gitaa mapajani uso ukitazama juu. Gitaa likilala, mkono wa kubana unalazimika kujipinda ili uzifikie nyuzi. Lisimamishe wima. Keti kwenye kiti kisicho na mikono, nyayo zikiwa sakafuni, na uinue shingo ya gitaa mpaka kichwa chake kikaribie usawa wa bega lako. Mkanda husaidia hata ukiwa umeketi. Siku mbili tatu utajihisi kipofu. Vumilia, vidole huzoea kutafuta njia bila macho.

Chanzo cha pili ni gumba linalokandamiza shingo kama koleo. Ujipime: ukiwa umeshika kodi rahisi (mpangilio wa vidole unaotoa sauti kadhaa kwa pamoja), ondoa gumba kabisa kwenye shingo kwa sekunde chache, uzito wa mkono uvute vidole kuelekea kwako. Kodi itasikika, pengine si safi sana, lakini itasikika. Hiyo ndiyo picha ya kiasi gani gumba linahitajika.

Cha tatu ni vipindi virefu. Kila baada ya dakika 15 hadi 20 weka gitaa chini, simama, tikisa mikono.

Muone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ikiwa maumivu hayaishi baada ya siku kadhaa za mapumziko, ukiona uvimbe, ukishindwa kushika kikombe kama kawaida, au ganzi ikikuamsha usiku. Mweleze ni vidole vipi. Ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati huelekeza kwenye neva inayobanwa kifundoni. Ya kidole cha pete na kidole kidogo huelekeza kwenye ile inayopita kiwikoni. Vidole vikianza kujikunja vyenyewe unapopiga, hata bila maumivu yoyote, hilo nalo ni la daktari, na mapema. Usifunge kitambaa kifundoni ukaendelea kupiga. Nasisitiza hili kwa sababu mtu mwenye bidii ndiye anayeumia zaidi. Mvivu huokolewa na uvivu wake.

## Kodi inakwaruza, au uzi mmoja hautoi sauti

Usipige kodi nzima tena na tena ukitumaini itajinyoosha. Shika kodi, kisha piga uzi mmoja mmoja kutoka mnene hadi mwembamba. Ukishaupata wenye shida, kagua kwa mpangilio huu.

Je, kidole chake kiko nyuma tu ya freti, au kimebaki mbali? Hili peke yake hutatua sehemu kubwa ya malalamiko. Je, kidole cha jirani kimeulalia? Kwa kodi ya C, kidole cha kati mara nyingi hugusa uzi wa G, wa tatu kutoka ule mwembamba kabisa, ambao unatakiwa upigwe wazi. Simamisha vidole kwa ncha zake, vifundo vya vidole vikiwa vimeinuka. Je, kucha ni ndefu? Kucha ya mkono wa kubana ikitangulia kugusa ubao, ncha ya kidole haitafika. Zikate fupi kabisa. Je, kiganja kinaegemea shingo na kuulaza uzi mwembamba? Kishushe.

Kama uzi unakwaruza hata unapoupiga wazi, bila kidole chochote, hapo gitaa linahusika. Jaribu kwanza kwa kupiga taratibu zaidi, maana nguvu nyingi ya mkono wa kupigia huufanya uzi uyumbe mpaka ugonge freti. Hakikisha pia umetyuni, yaani umekaza nyuzi hadi sauti zake sahihi, juu vya kutosha. Nyuzi zilizolegea hukwaruza. Halafu angalia shingo: bana uzi mnene kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na freti ya 14 kwa mwingine, utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 6 au ya 7. Panapaswa kuwa na upenyo mdogo sana, wa kupitisha karatasi nene. Uzi ukigusa kabisa, shingo imenyooka mno au imepindia nyuma. Upenyo ukiwa mkubwa, imepindia mbele.

Hewa kavu husinyaza mbao, nyuzi zikashuka na ncha za freti zikachomoza pembeni mwa shingo. Hewa yenye unyevunyevu mwingi huvimbisha uso wa gitaa, nyuzi zikapanda. Unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55 ndio unaofaa. Usiliache gitaa juani, wala ndani ya gari lililofungwa.

Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo inayoweza kukazwa au kulegezwa ili kunyoosha shingo. Usiiguse kama hujawahi kuonyeshwa. Fundi huizungusha robo mzunguko, akasubiri, akapima tena. Fimbo ikikatika, kuitengeneza kunaweza kugharimu kuliko gitaa lenyewe. Mpelekee fundi pia ukiona ufa kwenye mbao, daraja linaloinuka nyuma, au freti iliyotoka mahali pake.

## Umetyuni, lakini gitaa bado linasikika vibaya

Nyuzi mpya hunyooka. Siku mbili tatu za kwanza zitashuka kila baada ya nyimbo chache, na hapo hakuna kilichoharibika. Zivute taratibu kwa vidole, tyuni tena, rudia mpaka zitulie. Ukiwa umepitiliza juu, usirudi chini ukaishia hapo: shusha hadi chini ya sauti unayoitaka, halafu panda. Uzi uliofikiwa kwa kukazwa hutulia kuliko uliofikiwa kwa kulegezwa.

Ikiwa gitaa linalingana lenyewe kwa lenyewe ila linagombana na rekodi, angalia mpangilio wa programu ya kutyuni kwenye simu. Kipimo cha kawaida ni Hz 440 kwa sauti ya A. Mtoto akichezea simu, namba hiyo hubadilika bila wewe kujua. Inawezekana pia rekodi yenyewe imepigwa nusu toni chini.

Ikiwa nyuzi zikiwa wazi ziko sawa lakini kodi zinasikika kama zimepanda, rudi kwenye jaribio la nguvu hapo juu. Kubana kwa nguvu huuvuta uzi na kuupandisha sauti, hasa kwenye freti za mwanzo. Mwisho, linganisha sauti ya uzi uliobanwa kwenye freti ya 12 na sauti ya kengele inayotoka ukiugusa tu uzi juu ya freti hiyohiyo bila kuubana. Zinatakiwa kuwa sawa. Zikitofautiana wazi hata kwa nyuzi mpya, mpelekee fundi.

## Kubadilisha kodi kunachelewa, wimbo unakatika

Hili ndilo linaloongoza malalamiko yote, na ndilo linalowakatisha watu tamaa kuliko maumivu ya vidole. Mtu anajua G. Anajua C. Anajua D. Akiziunganisha, kila badiliko lina shimo ndani yake.

Sababu kubwa ni kwamba anafanya mazoezi ya wimbo badala ya kufanya mazoezi ya badiliko. Anaanza mwanzo, anafika penye shida, anajikwaa, anarudi mwanzo. Kwa nusu saa atakuwa amepiga utangulizi mara nyingi, ambao tayari anaujua, na badiliko gumu mara chache, tena kila mara akilipiga vibaya. Ling'oe badiliko hilo. Chukua kodi mbili tu. Weka saa dakika moja, badilisha kwenda na kurudi, piga chini mara moja kwa kila kodi, na uhesabu mabadiliko safi. Andika namba hiyo na tarehe. Kesho tena. Nayathamini sana mazoezi haya kwa sababu yanampa mtu mzima ushahidi. Hisia zitakuambia hujasogea. Daftari litakuonyesha kwamba wiki mbili zilizopita ulikuwa unapata 12 na sasa unapata 25.

Sababu ya pili: vidole vinaondoka vyote hata pale ambapo baadhi vinatakiwa kubaki. Tazama C na Am (A ndogo). Kidole cha shahada kiko palepale, cha kati kiko palepale; kinachohama ni cha pete peke yake. Tazama E na Am: umbo ni lilelile, limesogezwa uzi mmoja kuelekea nyuzi nyembamba. Kabla ya kuanza mazoezi ya jozi yoyote ya kodi, jiulize: kipi kinabaki, kipi kinateleza, kipi kinaruka? Dakika moja ya kutazama hivyo inaokoa siku kadhaa za kubahatisha.

Ya tatu: vidole vinapaa juu mno. Vikiachia kodi vinakwenda mbali, kisha vinatafuta njia ya kurudi. Shika kodi, legeza bila kuondoa vidole kwenye nyuzi, bana tena. Halafu inua milimita chache, bana tena. Fanya polepole mpaka vidole vyote vitue kwa pamoja. Anayetua kidole kimoja kimoja atachelewa hata awe na vidole vyepesi namna gani.

Ya nne ndiyo isiyotajwa: mkono wa kupigia unasimama kusubiri ule mwingine. Usiuruhusu. Uendelee kwenda juu na chini hata kama kodi haijakamilika, hata kama kinachosikika ni nyuzi wazi. Mkono wa kubana utajifunza kuwahi kwa sababu mwenzake hamsubiri. Mwanzoni inasikika vibaya, na watu wazima huona aibu kusikika vibaya ndani ya nyumba yao wenyewe. Funga mlango, endelea.

## Kodi ya F haitoki

F ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita ndipo wengi wanapoliacha gitaa, na inasikitisha, kwa sababu freti ya 1 ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za kulaza kidole, nasi tunawapeleka wanafunzi hapo kwanza.

Anza kwa kuhamisha umbo lilelile hadi freti ya 5, ambako linakuwa A. Likitoka safi hapo, mkono wako unajua kazi. Shuka freti moja moja kwa siku kadhaa hadi ya 1. Geuza kidole cha shahada kidogo upande wake wa nje, ulio mgumu, badala ya kukilaza kwa nyama laini. Kiwiko kikaribie ubavu. Vuta kwa uzito wa mkono, usikamue kwa gumba. Kumbuka pia kwamba kidole cha shahada hakina kazi ya kubana nyuzi zote sita: vidole vingine tayari vimeshika tatu katikati.

Kisha likague gitaa. Weka kapo, yaani kibano kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya 1 na upige umbo hilohilo ukilaza kidole kwenye freti ya 2. Ikiwa ghafla linakuwa rahisi mno, nati iko juu kuliko inavyotakiwa, na umekuwa ukipigana na kipande cha plastiki muda wote huo. Mpelekee fundi. Hadi hapo, piga F ndogo ya nyuzi nne nyembamba. Wimbo hautalalamika.

## Mapigo yanayumba

Kwa kawaida metronomu, kile chombo cha kuhesabia mapigo, imewekwa haraka mno. Ishushe hadi mapigo 60 kwa dakika, zima nyuzi kwa kiganja cha mkono wa kubana, upige mdundo mtupu huku ukihesabu kwa sauti: moja na, mbili na, tatu na, nne na. Ukiyumba, shusha zaidi. Ongeza mapigo manne au matano tu pale unapoweza kuzungumza huku ukipiga.

Anayeshindwa kuimba na kupiga kwa pamoja naye ana tatizo hilihili: mkono bado unahitaji akili yake. Avume tu wimbo kwanza, halafu atamke neno moja linaloangukia pigo la kwanza la kila mstari, kisha ajaze mengine.

## Miezi inapita na uko palepale

Kagua kwanza unafanya nini hasa ukiwa na gitaa. Mara nyingi mtu anapiga nyimbo anazozijua, anafurahi, anaweka chini. Hilo ni burudani na lina thamani yake, ila halimsogezi. Dakika 20 zikigawanywa vizuri zinatosha: chache za kutyuni na kupasha vidole moto, tano za badiliko moja gumu, tano za mdundo na metronomu, zilizobaki za wimbo unaoupenda. Wimbo ukae mwisho ili uondoke na hamu ya kurudi.

Pili, angalia unavyogawa muda. Dakika 20 kila siku zinashinda saa mbili na nusu za Jumapili, ingawa jumla inakaribiana, kwa sababu mikono hujifunza pia kati ya kipindi na kipindi, hasa usiku umelala. Ndiyo maana kitu kilichokushinda jana jioni wakati mwingine hutoka asubuhi bila shida.

Tatu, hesabu video za masomo unazozifuata. Mtu mzima hupenda kuelewa, na kuelewa kunampa hisia kwamba ameshajua. Chagua mwalimu mmoja kwa miezi mitatu. Jirekodi kwa simu mara moja kwa wiki, na usisikilize rekodi ya leo. Sikiliza ya mwezi uliopita.

Kama bado umekwama baada ya hayo, tafuta mwalimu wa ana kwa ana hata kwa masomo mawili au matatu. Kuna makosa ya mkao ambayo hakuna mwongozo wa maandishi unaoweza kuyaona.

## Siku zinapita hujaligusa

Kabla ya kujiita mvivu, jibu swali moja: gitaa liko wapi? Likiwa ndani ya mfuko, nyuma ya kabati, kila zoezi linaanza na kazi ya kulitoa. Liweke kwenye stendi, mahali unapopita, mbali na jua na mbali na mlango unaofunguliwa kwa kishindo.

Kisha lifungamanishe na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: baada ya chai, baada ya watoto kulala. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha UCL, London, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea tabia mpya ya kila siku. Ilichukua wastani wa siku 66 kabla jambo halijawa la kujiendea lenyewe, na tofauti zilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Watafiti hao pia waliona kwamba kuruka siku moja hakukuharibu safari. Kwa hiyo ukikosa Jumanne, piga Jumatano. Usijaribu kulipa deni kwa kupiga mara mbili.

Siku ambazo umechoka kweli, weka kiwango cha chini kisichoshindikana: tyuni, piga kodi moja, rudisha. Ni halali kabisa kuishia hapo.

## Umekagua yote, na bado unahisi ni umri

Umri una mambo yake na hayafichiki. Viungo hukakamaa zaidi asubuhi, kwa hiyo pasha mikono moto kwa maji ya vuguvugu, uikaushe vizuri, ndipo uanze. Uwezo wa macho kuona vya karibu hupungua. Weka karatasi ya kodi kwenye stendi kwa maandishi makubwa badala ya kuinama mpaka mgongo uume. Mwenye baridi yabisi azungumze na daktari wake kwanza, kisha afikirie nyuzi za nailoni, gitaa lenye shingo fupi, au kushusha nyuzi zote toni moja na kuweka kapo freti ya 2: sauti inabaki ya kawaida, mvuto unapungua.

Kuhusu vidole, mkumbuke Django Reinhardt, mpigaji wa jazi aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Mwaka 1928 gari la kukokotwa alilokuwa akiishi ndani yake liliungua, na kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto viliharibika moja kwa moja. Alijifunza upya na kupiga solo zake kwa vidole viwili, na wapigaji wa leo wenye vidole vyote bado wanahangaika kuzifuata. Simtaji ili ujipime naye. Namtaja kwa sababu alibadilisha njia ya kupiga ili ifuate mkono aliokuwa nao, na wewe una ruhusa hiyohiyo: badilisha mpangilio wa vidole, punguza kodi, chagua ufunguo ulio rahisi.

## Uliacha muda mrefu, hujui pa kuanzia

Usianze pale ulipoishia. Ngozi imelainika, na nyuzi zilizokaa miezi mingi zimechoka. Zifunge mpya kabla ya kujihukumu kwa sauti unayoisikia. Wiki ya kwanza piga nusu ya muda uliouzoea. Chukua wimbo uliowahi kuumudu, hata ule wa kodi mbili, uupige polepole hadi mwisho bila kusimama kurekebisha. Badiliko gumu lisubiri wiki ya pili. Ncha za vidole zitauma tena siku chache, na safari hii tayari unajua kwamba hupita.